Pijo Chini ya Turubai

Kila asubuhi, kabla ya kula michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na kukimbilia shule, Mbuke alikuwa na kazi ambayo watoto wengine wa kijiji cha Samuye hawakuwa nayo. Alilifunua gari la babu yake.

Lilikuwa Pijo la zamani, jeupe, ambalo kwa miaka mingi Babu Bujiku alilitumia kuwakimbiza wagonjwa na wajawazito hospitali mjini Shinyanga. Mbuke mwenyewe alizaliwa kwenye kiti chake cha nyuma, njiani. Sasa lilikaa uani bila banda, na msimu wa mvua turubai ndilo lilikuwa paa lake.

Mwaka ule babu aliugua, akapelekwa Mwanza kutibiwa. Kabla ya kuondoka alimwita Mbuke akamwelekeza vizuri. Mvua ikija, afunike. Jua likitoka, afunue na kufungua milango upepo upite, maana jasho la turubai ni baya kuliko mvua yenyewe. Gari lilikuwa na safari. Baada ya Pasaka lingempeleka shangazi Eunice kanisani kufunga ndoa, na babu alishaapa kuliendesha mwenyewe.

Siku za mwanzo Mbuke alijituma kweli. Lakini turubai lililolowa ni zito jamani, na matope ya udongo mweusi yananata miguuni. Akachoka. Siku moja akalifunga gari kama watu wa kwao wanavyofunga lundo la pamba, kamba pande zote na matofali chini, pasibaki hata tundu. Mvua ikanyesha wee, gari halikuguswa na tone, naye akajisifu moyoni.

Kila Jumapili babu alipiga simu kuuliza gari linaendeleaje. Mbuke alijibu kwamba kila jua likitoka analifunua. Uongo wa kwanza aliusema kwa shida. Baadaye ukawa unatoka wenyewe tu.

Wiki moja kabla ya Pasaka habari zikafika kwamba babu amepata nafuu na anarudi kesho yake. Mbuke alikimbilia uani akafungua kamba. Loo! Uvundo ulimpiga usoni. Viti vilikuwa vimeota ukungu, panya wamezaa kwenye kiti kilekile cha nyuma, na sakafu imeliwa na kutu hadi kidole kinapita. Akakaa chini kwenye matope akalia.

Kaka yake, Maduhu, alimshauri alifunike tena. Babu akiuliza, aseme ni mvua za mwaka huu, nani atajua? Mbuke alishika pindo la turubai akaanza kulivuta. Kisha akaliachia.

Babu alishuka kwenye bodaboda amekonda, shati linampwaya, na macho yake yakaenda moja kwa moja uani. Mbuke alipiga goti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Gari langu lina hali gani?"

"Babu, nilikudanganya. Nililifunga, nikaacha kulifunua. Limeoza."

Babu alilizunguka gari polepole, akagusa kiti cha nyuma, machozi yakamlenga. Mbuke alitamani ardhi ipasuke immeze. Afadhali angechapwa.

"Nenda kalete msasa," babu alisema mwishowe.

Likizo yote Mbuke alisugua kutu mpaka vidole vikachubuka, wenzake wakipita barabarani wakimtania kwamba amekuwa fundi. Fundi Kalisti alichomelea vipande vya bati sakafuni akarekebisha na breki. Maduhu, aliyejua fika ushauri wake ulikuwa wa hovyo, alichimba mashimo ya nguzo za banda. Wakaezeka bati juu, pande wakaziacha wazi.

Siku ya harusi babu alishika usukani na gari likawaka. Shangazi Eunice alikaa nyuma juu ya kitenge kipya, akiziba pua kidogo huku anacheka, maana harufu ya ukungu ilikuwa haijaisha.

Waliporudi, babu alimwita Mbuke bandani.

"Mvua haikuliharibu gari hili," alisema. "Unyevu uliofungiwa ndani ndio ulioliharibu. Na uongo ni hivyohivyo. Ungelifunika ukanificha siku ile, leo tungekuwa tumelipoteza lote. Ukikosea, funua mapema, hata kama unaona aibu."

"Nimeelewa babu. Nisamehe."

"Nilishakusamehe uliponiambia."

Mwezi uliofuata babu alirudi Mwanza kuonana na daktari. Jumapili akapiga simu, akauliza gari linaendeleaje. Mbuke alifungua mdomo kujibu, kisha akaufunga.

"Subiri babu," alisema, akakimbilia bandani na simu mkononi. "Nakwenda kuangalia kwanza."