Daftari Lililojaa Mapema

Kila siku akitoka shule, Matilda alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kufunga ndama kabla ya mama yake kukamua, na kuandika mistari mitano kwenye daftari lake. Mbili za kwanza alizifanya kila jioni bila kukumbushwa. Ya tatu alikuwa ameimaliza siku nyingi.

Daftari hilo lilitokana na agizo la Mwalimu Gaudensia, aliyefundisha Kiswahili darasa la sita. Mwanzoni mwa Machi aliwaambia wanafunzi wake, "Mwezi huu mzima, kila siku msome kitu, hata kama ni nusu ukurasa. Kisha mwandike mistari mitano juu ya jambo mliloliona siku hiyo. Mwisho wa mwezi nitayakusanya madaftari."

Matilda alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko wote. Jumamosi ya kwanza alikaa kwenye kivuli cha nyumba akaandika tarehe zote hadi thelathini na moja. "Leo nimeamka mapema nikafagia uwanja." "Leo Madoa, ng'ombe wetu, ametoa maziwa mengi." Hadi jua linazama, mwezi mzima ulikuwa umekwisha na yeye mkono unamuuma. Alijiona mjanja sana.

Prisila, jirani yake waliyekaa naye dawati moja, hakuwa na ujanja huo. Aliandika taratibu, herufi zikipanda na kushuka. Kwao hapakuwa na kitabu hata kimoja, basi alisoma chochote alichokutana nacho: mfuko wa mbolea, karatasi ya sabuni, tangazo la chanjo mlangoni pa zahanati.

"Mwenzetu anasoma sabuni," Matilda aliwaambia wenzake siku moja, nao wakacheka. Prisila alicheka kidogo pamoja nao, kisha akainamisha kichwa akaendelea kuandika.

Wazazi wa Matilda walikuwa Wasukuma waliohamia na mifugo yao karibu na Majimoto kabla yeye hajazaliwa. Mifugo mingi walikuwa wameigawa kwa ndugu, na mwaka huo ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa nyumbani alikuwa mmoja tu, Madoa. Maziwa yake ndiyo yaliyomlea mdogo wa mwisho wa Matilda, na mengine yalibadilishwa na mchele kwa kina Prisila, waliokuwa wakulima wa mpunga.

Baba yake, Mzee Mabula, hakuwahi kusoma. Daftari lile lilimfurahisha mno. Akiwa na wageni aliwaambia, "Huyu wangu anaandika kila siku. Hapa kwangu hakuna kinachosahaulika." Siku Madoa alipougua na yeye akamchoma sindano ya dawa aliyoinunua mnadani, alimwita binti yake.

"Matilda, andika humo kwamba leo nimemchoma ng'ombe. Andika na dawa yenyewe."

"Sawa, baba," alijibu Matilda. Hakuandika. Mistari ya siku ile ilikuwa imeshajaa, na ilisema Madoa anakula vizuri. Chupa tupu ikatupwa chooni, na Matilda akasahau.

Madoa alipata nafuu kidogo, kisha akaanguka tena. Jumatatu tarehe kumi na nane alikuwa amelala zizini, masikio yamelegea, matezi ya shingoni yamevimba, na anapumua kwa shida. Ndama alilia upande wa pili wa uzio. Mzee Mabula alikuwa na chupa nyingine mkononi, tayari kumchoma, lakini mkewe, Mayu Specioza, yaani Mama Specioza kwa Kisukuma, alimshika mkono akamwambia amsubiri bwana mifugo.

Bwana mifugo, jina lake Gideon, alifika kwa pikipiki mchana, Matilda akiwa ametoka shule. Alimpima Madoa joto, akamshika shingo, kisha akageuka.

"Mzee, huyu umeshamchoma dawa?"

"Nimemchoma, ndiyo."

"Dawa gani, na lini?"

Mzee Mabula akakuna kichwa. "Nilinunua chupa mbili. Sijui ipi ilianza. Siku yenyewe ni kama wiki iliyopita, au ile ya nyuma yake. Lakini usihangaike, mtoto ameandika. Matilda, lete daftari."

Matilda alilileta. Alilifungua, na mwandiko wake mzuri ukamtazama: Madoa ametoa maziwa mengi. Madoa ametoa maziwa mengi. Madoa anakula vizuri. Baba yake alisimama kando, kifua mbele, akisubiri bwana mifugo asikie. Matilda alijua angeweza kutaja siku yoyote, na baba yake asingejua kwamba haimo.

"Soma vizuri, mdogo wangu," alisema Gideon. "Kama alichomwa juzi, siwezi kumwongezea nyingine leo. Na kama ni dawa ninayoidhani, nikiirudia nitammaliza. Nitafanya kile utakachoniambia wewe."

Matilda alifumba daftari. Aliona aibu hata akatamani ardhi immeze.

"Hamna," alisema.

"Hamna nini?" aliuliza baba yake.

"Sikuandika, baba. Nilijaza siku zote kwa mara moja, kabla hazijafika. Humu ndani nimetunga."

Mzee Mabula hakufoka, na hilo ndilo lililomuuma Matilda zaidi. Alimtazama tu mwanawe, kisha akamtazama ng'ombe.

"Nani mwingine alikuwepo siku hiyo?" Gideon aliuliza.

Matilda alifikiri, machozi yakimtoka. "Prisila. Alikuja kuchukua maziwa, baba akampa kamba amshikie."

Alikimbia hadi kwenye majaruba ya mpunga ya kina Prisila. Prisila alikuwa juu ya kichanja akiamia ndege, akipiga debe na kurusha mabonge ya udongo. Daftari lake lilikuwa pale pale, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Matilda hakujua aanzie wapi, maana wiki nzima alikuwa akimtania.

"Prisila, ulipomshika Madoa kamba, uliandika?"

"Niliandika. Si ndilo jambo la siku ile?" Prisila alimtazama usoni. "Mbona unalia?"

"Madoa anakufa. Na mimi sikuandika kitu."

Prisila hakuuliza zaidi. Alimwita kaka yake ashike debe, wakaondoka mbio wote wawili.

Zizini Prisila alifunua kurasa kwa vidole vyenye udongo, akasoma polepole, akisimama kwenye kila neno: "Jumamosi tarehe tisa. Leo nimekwenda kwa kina Matilda kuchukua maziwa. Baba yake amemchoma ng'ombe sindano nikashika kamba. Ng'ombe amenikanyaga kidole. Leo sina cha kusoma nikasoma chupa." Chini ya hapo alikuwa amenakili jina refu la dawa, herufi moja moja, kama lilivyokuwa kwenye chupa.

Gideon alichukua daftari akaliangalia mara mbili. "Siku tisa zimepita. Na hii ni dawa ya ugonjwa wa mbung'o. Mzee, huyu sasa ana ndigana, ile ya kupe. Magonjwa hayo yana dawa mbili tofauti. Hebu nione hiyo chupa uliyoshika." Aliisoma, akatikisa kichwa. "Ni ile ile. Ungeirudia leo, ungemzika kesho."

Alitoa dawa nyingine kwenye boksi la pikipiki yake, akamchoma Madoa, akaahidi kurudi siku ya tatu. Alipokuwa anaondoka alimuuliza Prisila anasoma darasa la ngapi, na Prisila kwa aibu akaangalia kidole chake cha mguu.

Kesho yake, kabla ya kengele, Matilda alikwenda mwenyewe ofisini kwa Mwalimu Gaudensia. Alimpa daftari akamweleza yote, pamoja na habari ya kumcheka Prisila. Mwalimu alipitia kurasa zile nzuri, akaandika kwa kalamu nyekundu tarehe ya siku hiyo kwenye ukurasa mtupu.

"Anzia hapa," alisema. "Sikuwapa kazi hii ili mmalize. Niliwapa ili muizoee. Ukisoma kidogo na kuandika kidogo kila siku, macho yako yanaanza kuona mambo ambayo mwenzio anayapita. Mwandiko unao, Matilda. Sasa tafuta macho. Na Prisila mnakaa dawati moja, basi msaidiane."

Siku ya tatu asubuhi Madoa alikuwa amesimama, anatafuna majani, na ndama amemng'ang'ania. Matilda alilia kwa furaha, hakujali nani anamwona. Mzee Mabula aliegemea uzio, akamwita.

"Mwanangu, mimi sijui kusoma. Mtu anayejua akisomewa uongo, atachukua karatasi aangalie mwenyewe. Mimi sina pa kuangalia. Ukiniambia imeandikwa, naamini. Nilimwamini mtoto wangu mbele ya mtu, na ng'ombe akataka kufa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Kalete daftari." Alipolileta, baba yake alisema, "Andika kwamba leo Madoa amesimama. Halafu andika kwamba mimi Mabula nilimchoma ng'ombe wangu dawa nisiyoijua, nikakaribia kumuua. Usinifiche."

"Na hilo pia, baba?"

"Hilo hasa. Kila siku andika kilichotokea, hata kama ni aibu yangu."

Matilda aliandika yote mawili, na baba yake alisimama karibu naye hadi alipoweka nukta ya mwisho.