Nasra Arudi Darasani

Msimu wa kupuliza salfa, watu wa kijiji kimoja cha kusini, nyuma ya Naliendele, hulala kidogo. Salfa, dawa ya unga ya mikorosho, hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka. Ukichelewa, unga wote unapeperuka, na ugonjwa wa ubwiriunga unakausha maua ya mikorosho yako huku unatazama.

Mwaka ule salfa ilichelewa kufika. Wakubwa mjini walikuwa wanavutana juu ya nani ailete. Mkorosho hausubiri kikao. Ilipofika, kila mkulima alitaka kupuliza siku hiyohiyo.

Shafii alikuwa na mikorosho mingi na mikono miwili. Mkewe alikuwa amefariki, na nyumbani alibaki yeye na binti yake, Nasra, wa darasa la saba. Baba alibeba mashine mgongoni. Nasra alimfuata na ndoo ya salfa, akijaza kila ilipokwisha.

"Haya, mama, jua hilo," Shafii alimwambia kazi ilipokwisha. "Kavae sare, ukimbie shule."

Nasra alinawa, akavaa sare na ushungi, akachukua daftari zake. Shafii alimwangalia akiishia njiani, moyo ukamjaa. Katika ukoo wake hakuna aliyewahi kufika darasa la saba. Yeye mwenyewe aliishia la pili. Mtihani ulikuwa mwezi wa tisa, na alishawaambia watu wote kwamba binti yake ataufanya.

Asubuhi moja Rehema, mdogo wa marehemu mkewe, alikwenda kuchimba mihogo. Katikati ya shamba alimkuta Nasra amekaa chini, sare mwilini, daftari mapajani.

"Wewe! Leo shule imehamia kwenye mihogo?"

Nasra alianza kulia. Rehema akamshika mkono, akampeleka kwa baba yake.

"Shemeji, mwanafunzi wako huyu hapa. Muulize ameanza lini kusoma na panya."

Shafii aliangalia sare, akaangalia uso wa mtoto. Aliokota fimbo. Rehema akasimama katikati.

"Ukitaka kupiga, anza na mimi. Umeshamuuliza kwa nini?"

"Nimuulize nini? Mtoro ni mtoro!"

"Basi chapa. Kesho atajificha mbali zaidi, na mimi sina mihogo huko."

Shafii alitupa fimbo. Hasira ilibaki, ikatafuta pa kwenda. Akavaa kofia yake, akaenda shuleni.

Alimkuta Mwalimu Veronika, mwalimu wa darasa la saba. Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Songea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nyinyi mnalipwa kwa kazi gani? Mwanangu haonekani darasani, na hakuna hata mmoja aliyepiga hodi kwangu! Ingekuwa mchango wa madawati, mngefika na mwenyekiti, na mgambo, na mbwa wake!"

Mwalimu alimvutia kiti. "Baba Nasra, nikwambie kweli? Tulisikia amechezwa unyago likizo. Tukadhani umemwozesha."

Shafii alihisi kama amepigwa kofi. "Mimi? Nimwoze mtoto wa darasa la saba?"

"Tulidhani. Hatukuuliza. Hilo ni kosa letu, naomba utusamehe."

Shafii alikuwa amekuja na maneno mengi, lakini hakujiandaa kuombwa msamaha. Alivua kofia.

"Mtihani umekaribia," mwalimu akaendelea. "Asiporudi sasa, hataumudu. Nitakuja kwako leo jioni. Nataka kumsikia yeye mwenyewe. Lakini tukubaliane, mzee wangu: akisema, hakuna wa kumkaripia."

Jioni Mwalimu Veronika alifika. Rehema alimtandikia mkeka uani, lakini mwalimu aliomba kwanza kuona mahali Nasra anaposomea. Shafii alimfungulia chumba. Ndani palikuwa na kitanda cha kamba, na pembeni yake mifuko ya salfa imepangwa mpaka karibu na dari. Sare ilining'inia msumarini juu ya mifuko.

Mwalimu hakumaliza kuangalia. Macho yalimwasha, machozi yakamtoka, akapiga chafya, akarudi nje haraka.

"Baba Nasra, mtoto analala humu?"

"Nje itaibwa, mwalimu. Salfa ni roho yetu. Nimeilaza mahali pa salama kuliko pote."

"Na yeye je, umemlaza wapi?"

Shafii aligeuka, akaitazama mifuko. Alikuwa ameishi na harufu ile miaka yote, hata hakuisikia tena.

Walikaa mkekani. Mwalimu hakuuliza kuhusu utoro. Aliuliza kuhusu macho.

"Yanauma, mwalimu," Nasra alisema kwa sauti ndogo. "Ubaoni naona ukungu. Na wenzangu wananiita Kiberiti, kwa sababu nanuka salfa. Hawataki kukaa na mimi dawati moja."

"Ndiyo ukaacha kuja?"

"Hapana. Nilivumilia. Siku moja tulipuliza mpaka jua likapanda, nikachelewa. Nikachapwa getini. Siku nyingine nikachelewa tena, nikaogopa, nikageuza. Nilipokuja nikachapwa kwa kutokuja. Nikaona kila ninaporudi ni fimbo. Bora nikae kwenye mihogo, nisome mwenyewe."

Rehema alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Shafii aliinamisha kichwa.

"Mmesikia?" mwalimu alisema. "Huyu si mvivu. Mvivu haendi kujificha na daftari. Mtoto anayekwepa shule anakimbia kitu. Ukimchapa, umemwongezea kitu cha kukimbia. Kwanza ujue anakimbia nini, kisha ukiondoe."

"Sasa tufanye nini?" Rehema aliuliza.

"Salfa ihame chumbani. Sare isikae nayo. Nasra aoge baada ya kazi, na siku za shule asiende kupuliza kabisa. Macho yaangaliwe zahanati. Yale yaliyompita nitamfundisha mchana, baada ya vipindi."

"Hayo ya nyumbani ni ya kwangu," Shafii alisema. "Na fimbo ya getini ni ya nani?"

"Hiyo ni yetu."

"Basi iondoeni. Mimi nikihamisha salfa na nyinyi mkibaki na fimbo, tumefanya nusu."

Mwalimu Veronika alitabasamu. "Kesho kutwa kuna mkutano wa wazazi. Njoo uyaseme hayohayo."

Kesho yake Shafii alijenga kibanda cha miti na udongo karibu na dirisha lake, akakitia mlango na kufuli. Salfa ikahamia huko. Rehema alichukua sare, akaifua, akaianika kwake. Kuhusu kupuliza, Shafii na majirani walikubaliana kusaidiana kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule, watu wazima peke yao.

Kwenye mkutano Shafii alisimama, kofia mkononi.

"Mimi nimeishia darasa la pili," alisema. "Sijui kusema vizuri. Lakini nauliza. Mtoto aliyechelewa, amekuja au hakuja?"

"Amekuja," wazazi walijibu.

"Sasa mbona tunamchapa aliyekuja? Aliyebaki nyumbani anakula kiporo chake kwa raha!"

Watu walicheka. Mwalimu mkuu alicheka pia, halafu akaacha kucheka, akafikiri. Siku ile waliamua. Anayechelewa aingie darasani kwanza, mwalimu wake amuulize sababu baadaye, faragha. Mtoto akikosekana siku mbili, mwalimu au mzazi wa kamati ya shule apige hodi kwao, asikilize, asimtishe mtu.

Siku ya kurudi, Shafii alimsindikiza Nasra mwenyewe. Paa la shule lilipoonekana, Nasra alisimama.

"Baba, tumbo linauma."

Shafii alitaka kufoka. Neno lilifika kwenye meno. Akalimeza, akakaa chini kwenye majani ya njiani.

"Kaa, mama. Tutakwenda tumbo likiruhusu."

Walikaa. Watoto walipita, wakawaamkia. Kisha Nasra alisimama mwenyewe, akajikung'uta sare. Mwalimu Veronika aliwapokea mlangoni, akamwonyesha Nasra nafasi kwenye dawati la mbele, ubao ukiwa karibu, kando ya msichana mpole, Yustina.

Mtu nyuma alinong'ona, "Kiberiti!"

Shafii alisikia akiwa dirishani. Mwalimu alisikia pia. Aliweka chaki mezani.

"Nani hapa ambaye kwao hawapulizi salfa? Anyooshe mkono."

Hakuna mkono uliopanda.

"Sare hizo, daftari hizo, kalamu hizo. Zimetoka wapi?"

"Kwenye korosho," Yustina alijibu.

"Na korosho bila salfa?"

Mwalimu alichukua chaki tena. "Basi ukimcheka mwenzako kwa salfa, umemcheka baba yako. Haya, fungueni hesabu."

Shafii alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyepewa cheo.

Siku nyingine zilikuwa ngumu. Kuna asubuhi Nasra aliamka na tumbo tena, na Rehema akamsindikiza. Kuna mchana alirudi na hesabu zote zimekosewa, akalia, akarudia. Lakini alikwenda. Macho yalipona. Na watoto wengine waliokuwa wanajificha walianza kurudi, mmoja mmoja, kwa sababu getini hapakuwa tena na wa kuogopwa.

Asubuhi ya mtihani wazazi walijaa nje ya uzio wa shule. Shafii alivaa kanzu yake ya Idi. Watahiniwa walipangwa mstari, mwalimu mkuu akaanza kuita majina. Kila jina lilijibiwa. Shafii hakuyasikia mengine yote. Alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili.

"Nasra Shafii!"

"Nipo!"

Sauti ile ilifika mpaka barabarani. Shafii alimgeukia mzee asiyemjua aliyesimama kando yake, akamshika bega.

"Umesikia?" alisema. "Huyo ni wa kwangu. Yupo."