Nakuru kwa Njia ya Cheptiret

"Hiyo nimeiona mimi kwanza," Chepkorir alisema.

"Umeiona, lakini mimi ndiye nimeishika," kijana akajibu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, mwaka wa 2014, na soko la Eldoret lilikuwa limefurika watu. Wawili hao walikuwa wameng'ang'ania darubini moja kuukuu kwenye meza ya mitumba, kila mmoja akivuta upande wake. Chepkorir alikuwa amevaa sketi ya kijani na sweta jeupe. Kijana alikuwa na shati la bluu lililojaa nyuzi na vumbi la sponji.

"Wewe unataka kuangalia nini?" akamuuliza.

"Vifaru. Nafundisha watoto wa darasa la tatu huko Kiplombe. Nawachorea kifaru ubaoni na sijawahi kumwona."

Kijana akaiachilia. "Chukua, mwalimu. Lakini siku ukienda kuwaona, uniazime jicho moja."

Chepkorir alicheka hadi mwenye meza naye akacheka. Kijana aliitwa Thuo, fundi wa viti vya sofa. Kabla ya kuachana walikuwa wamepeana namba za simu.

Thuo alianza kumpigia kila siku saa saba mchana, watoto wakiwa wameenda kula.

"Mwalimu wangu, umeshiba?"

"Nitashibaje na sauti yako ndiyo chakula?"

"Woi! Nani amekufundisha maneno hayo?"

Kufikia Agosti, shule zikiwa zimefungwa, walikuwa wakipanga safari ya kwenda mbuga ya Ziwa Nakuru. Wilson, seremala aliyefanya kazi karibu na Thuo, alikubali kuwaazima gari lake. Walipanga kila kitu kwa simu.

"Mimi nitabeba mursik," Chepkorir alisema.

"Yale maziwa ya mkaa?"

"Utakunywa na utaomba tena. Wewe?"

"Chapati ishirini."

"Ishirini! Fundi, tunaenda kuona vifaru ama kuwalisha?"

Wiki moja kabla ya safari wakakutana hotelini, Barabara ya Uganda, wanywe chai. Chepkorir alikuwa na gauni jipya la maua na habari iliyomfurahisha.

"Nimemwambia mama tutapita Cheptiret asubuhi. Amesema atachinja kuku."

Chepkorir alilelewa na nyanya yake huko Kapseret, lakini wazazi wake walikuwa na nyumba pale Cheptiret, kando ya barabara kuu ya kwenda Nakuru. Hilo Thuo hakuwa amelijua. Aliweka kikombe chini polepole.

"Tupitie Iten," akasema. "Tushuke Kabarnet, tutokee Marigat."

"Huko si ni kuzunguka dunia nzima?"

"Utaona bonde."

"Bonde nimeliona. Mama ndiye hajakuona wewe."

"Chepkorir, mimi sipiti Cheptiret."

"Kwa nini?"

Thuo akageukia dirisha.

"Ni sisi, ama?" Chepkorir alisukuma kikombe chake kando. "Wa kutembea naye mjini niko sawa, lakini kwetu hutaki kukanyaga."

"Usiseme hivyo."

"Basi niambie niseme nini!"

Kila sentensi aliyoianza Thuo moyoni ilionekana kama inamshtaki yeye, msichana ambaye hakuwa amemkosea chochote. Chepkorir akachukua mkoba wake na kutoka. Safari ikavunjika. Siku kumi na moja simu ya saa saba haikulia.

Siku ya kumi na mbili, mama yake Chepkorir ndiye aliyepiga. Watu wa Cheptiret walimwita Mama Vivian, kwa jina la kifungua mimba wake.

"Mgeni wangu amepotelea wapi?"

"Hatakuja, mama. Amesema hapiti Cheptiret."

"Anaitwa nani?"

"Thuo."

Mama akalirudia jina hilo. "Anatumia mkono wa kushoto?"

"Umejuaje?"

"Huyo ni mtoto wa Mama Paul. Walikuwa na duka la unga hapa, mkabala na sisi. Lilichomwa mwaka ule wa uchaguzi, watu wa kabila lao walipofukuzwa hapa. Karakana yake iko wapi?"

Kesho yake Thuo alikuwa akigonga kitambaa kwenye kiti, misumari midogo imebanwa midomoni, alipoona mama mwenye kitambaa cheupe kichwani amesimama mlangoni. Aliitoa misumari mmoja mmoja.

"Mama Vivian?"

"Ni mimi. Nimekuja kuhusu siku ile, Thuo. Niliwaona mkipanda lori na magodoro yenu. Mama yako aliniangalia. Nikafunga mlango."

"Hata nyinyi mliogopa, mama."

"Tuliogopa. Lakini sikuja kusema niliogopa. Nimekuja kusema nilifunga mlango."

Thuo aliweka nyundo chini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita siku ile, na mlango huo aliuona. Kwa miaka sita alikuwa na maneno ya kumwambia aliyeufunga. Sasa aliyatafuta, akaona mama huyu bado hajakaribishwa ndani. Akavuta kiti alichokuwa akikitengeneza, akakipangusa.

"Keti, mama," akasema. "Nitaagiza chai."

Saa saba simu ya Chepkorir ikalia.

"Mwalimu."

"Fundi." Alikuwa ameshaanza kulia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani nikisema, utaona nakulaumu."

"Na ukinyamaza, mimi nilaumu nani?"

"Nisamehe, mpenzi. Unajua kuendesha gari?"

"Nina leseni."

"Basi Jumamosi uendeshe wewe. Sijui nitakuwaje tukifika pale."

Walifika Cheptiret saa mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado mashambani. Thuo aliomba asimamishe gari. Palipokuwa na duka palikuwa pamepandwa sukuma wiki. Alisimama mbele ya shamba hilo, mikono mfukoni, na Chepkorir hakumfuata. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Pamekuwa padogo," akasema. "Kichwani kwangu palikuwa pakubwa sana."

Kwa Mama Vivian alikula kuku, akanywa mursik, akaomba tena.

Mbugani waliona vifaru watatu wakila majani kando ya ziwa. Chepkorir aliruka kama mmoja wa wanafunzi wake. Thuo alimtazama, si vifaru.

"Chepkorir, nataka tuoane."

Akageuka, tabasamu likafifia. "Mama yako anajua ninatoka wapi?"

Mama Paul alikuwa akiishi Nakuru tangu walipohama. Thuo akatoa simu, akampigia kwa spika, Chepkorir asikie.

"Mama, niko hapa mbugani, na msichana ninayetaka kumuoa."

"Ati nini! Msichana wa wapi?"

"Wa Cheptiret, mama. Mtoto wa Mama Vivian."

Gari la watalii likapita na vumbi lake. Chepkorir alikuwa akitazama viatu vyake.

"Amekula?" sauti ikauliza hatimaye.

"Tumekula kwao asubuhi."

"Hiyo ni ya asubuhi. Mlete. Nabandika sufuria."

Chepkorir alijifunika uso kwa mikono, akilia na kucheka.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Ulichoniuliza. Ingia garini, fundi. Mama anatungoja."