Kikao cha Spana

Jumamosi asubuhi mama mlezi alisogeza cherehani yake ukutani. Akafagia sebule, akapanga viti. Wageni walikuwa njiani.

"Spana, bandika chai," alisema. "Wageni wasije wakakaa koo kavu."

Spana alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Jina hilo walimpa kwa sababu hakikuharibika kitu nyumbani asikifungue. Pasi, redio, hata cherehani ile, vyote alivitengeneza. Alifika hapo akiwa mdogo, baada ya wazazi wake kufariki. Mama mlezi alikuwa fundi wa nguo, baba mlezi dereva wa lori. Walimlea vizuri.

Sasa alikaribia kutimiza miaka kumi na nane. Malezi aliyopangiwa na ustawi wa jamii yangekwisha. Ilibidi iamuliwe ataishi wapi na atafanya nini. Ndiyo maana kikao cha familia kiliitishwa.

Kikao cha Spana, na Spana mwenyewe yuko jikoni anachochea moto!

Afisa wa ustawi alifika na mkoba wake. Mwalimu wa darasa akafuata. Wakakaa pamoja na mama na baba. Watu wanne, viti vinne.

"Kuna hosteli mji wa pili," afisa alianza. "Nafasi zinajaa haraka. Tumpeleke huko."

"Na masomo?" mwalimu aliuliza.

Spana akaingia na sinia. Akamimina chai, akagawa vikombe. Afisa akaonja.

"Chai tamu hii! Mnaona? Kozi ya hoteli itamfaa huyu."

Wakacheka. "Kazi ni kazi," alisema baba mlezi. Spana aliweka sinia mezani, akatokea mlango wa nyuma.

Mimi ninayesimulia nashindwa kunyamaza. Hata anayenunua mbuzi humfungua mdomo amtazame meno. Hawa hawakumtazama binti wa watu hata usoni.

Nyumba ya pili aliishi muuguzi aliyewahi kulea vijana wawili waliopangiwa na ustawi, kama Spana. Mtaa mzima ulimwita Bi Muuguzi. Alimkuta Spana kwenye ngazi yake, analia.

"Wananipeleka hosteli, Bi Muuguzi. Nikasomee hoteli."

"Wewe uliwaambia unataka nini?"

"Nani aliniuliza?"

Bi Muuguzi alifunga mlango wake. Alimshika mkono, wakaenda.

"Hodi!" Alikuwa ameshaingia.

"Karibu, dada. Chai ipo," alisema mama mlezi.

"Chai baadaye. Kikao hiki ni cha nani?"

"Cha Spana," afisa alijibu.

"Kiti chake kiko wapi?"

Afisa akakohoa. "Bibi, sisi tunamtakia mema. Huyu bado ni mtoto."

"Mtoto! Na karibuni mtamwambia ni mtu mzima, akajitegemee. Huo utu uzima ataujifunza lini, akiwa ndani ya basi? Nani kati yenu amewahi kumnyoa mtu ambaye hayupo?"

Mama mlezi aliinamisha kichwa. "Nilidhani ni adabu. Wakubwa wakizungumza, mtoto anahudumia."

"Adabu ni njema, dada yangu. Lakini haya ni maisha yake." Akamgeukia afisa. "Kwanza kaa naye peke yake kabla ya kikao. Muulize anataka nini, anaogopa nini, anataka nani awepo. Chagueni saa ambayo hatakosa shule wala kazi. Siku yenyewe, yeye aanze kusema. Mkikubaliana jambo, semeni nani atalifanya na lini, yasiishie mdomoni. Na ndugu zake je?"

"Niliambiwa hana ndugu."

"Nina shangazi," Spana alisema kutoka mlangoni. "Ananipigia simu."

"Ni kweli, hupiga," alisema mama mlezi. "Hukuniuliza, afisa."

Afisa alifunga mkoba. "Nimekosea," alisema. "Tuanze upya."

Safari hii alikutana na Spana kwanza, wakazungumza wawili tu. Kikao kikawekwa jioni, Spana akishatoka gereji, maana siku za mapumziko alikuwa akijifunza kazi huko. Watu wa kuitwa aliwataja mwenyewe: mama na baba, shangazi yake, fundi wa gereji, na Bi Muuguzi. Mwalimu wa darasa hakumtaja, na hakuna kilichoharibika.

Spana alianza kusema.

"Nataka kusomea ufundi wa magari. Hosteli sitaki. Naogopa kitu kimoja."

"Kipi, mwanangu?" mama aliuliza.

"Nikifika kumi na nane, mtanisahau."

Mama mlezi alifuta macho kwa kanga. "Chumba chako ni chako. Nani kakwambia umri unafuta uana?"

Shangazi akagonga meza kwa hasira. "Kaka yangu alipokufa nilikuwa nimelazwa hospitali. Ustawi wakasema siwezi kumlea Spana, sawa. Nikapona. Miaka yote hii hakuna aliyerudi kuniuliza tena! Likizo atakuja kwangu."

Afisa akaiandika likizo hiyo. Kila mmoja akachukua sehemu yake. Spana ataendelea kuishi pale pale. Afisa atamwombea nafasi chuoni kabla ya mwezi kwisha. Fundi atamfundisha mpaka masomo yaanze. Na hayakuishia mdomoni. Leo Spana yuko chuoni, na hurudi nyumbani kwao kucha zikiwa nyeusi kwa grisi.

Jioni ile, maneno yakielekea mwisho, baba mlezi aliuliza, "Jamani, chai je?"

Spana akaanza kuinuka, kwa mazoea. Afisa akamwahi.

"Kaa, binti. Kikao ni chako. Jikoni nitaenda mimi."

Alikaa huko muda mrefu, masufuria yakilia. Akarudi na chai iliyopauka, yenye harufu ya moshi, sukari kasahau. Spana akaonja. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Afisa," alisema, "wewe kozi ya hoteli haikufai."