Moshi wa Babu, Ugoro wa Bibi

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Chiriku alifagia nywele za jana kwenye chumba cha mbele. Hapo ndipo babu yake, kinyozi, alipofanyia kazi. Palikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na benchi la wateja wanaosubiri zamu. Nyuma ya ukuta, kwenye chumba cha ndani, cherehani ya bibi yake ilikuwa imeshaanza kunguruma. Bibi alikuwa mshonaji wa sare za wanafunzi, na hakupenda jua limkute amekaa bure.

Chiriku lilikuwa jina la utani. Babu alimpa kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua tena kunyamaza. Wazazi wake walifanya kazi mji mwingine na kuja nyumbani wakati wa likizo, kwa hiyo maneno yake yote aliwamwagia wazee hao wawili.

Asubuhi moja ya Jumamosi alikuwa akifuta kioo aliposikia babu akikohoa kibarazani. Kikohozi kilianza kama cha mtu anayesafisha koo, kikaishia kama gari bovu linalokataa kuwaka.

"Babu, hicho kikohozi kitakuja kukuangusha," alisema Chiriku.

"Tumezeeka pamoja, mjukuu wangu. Tumeshazoeana," alijibu Babu, akatupa kichungi cha sigara na kuingia ndani.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Chiriku. Alikaa kitini, akapakwa povu mashavuni, akafumba macho kwa raha. Babu alikuwa ameshika wembe karibu na sikio la mwalimu pale kikohozi kilipomvamia bila hodi. Mkono ukacheza. Mwalimu akaruka, na damu ikachirizika ndani ya povu jeupe.

Jeraha lenyewe lilikuwa dogo. Babu alilisafisha kwa dawa, akaomba radhi mpaka mwalimu akamshika bega. "Si kitu, mzee wangu. Ila leo ni sikio. Nisije siku nyingine nikaacha koo hapa."

Alisema kwa utani, lakini kwa miezi mingi hakurudi. Wengine nao waliposikia wakaanza kupita njia ya upande wa pili wa barabara, kana kwamba nywele zimeacha kuota vichwani mwao. Benchi la wateja likabaki na Chiriku peke yake.

Bibi akamburuta mumewe mpaka zahanati. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akasema bila kupamba maneno, "Mzee, mapafu yako yamechoka, lakini hayajakata tamaa. Achana na sigara sasa, kungali mapema."

"Ataacha," alidakia Bibi kabla mumewe hajafungua mdomo. "Niachie mimi."

Tangu siku hiyo nyumba ikageuka kituo cha polisi. Bibi alimkagua Babu mifuko kila alipotoka na kila aliporudi. Alimnusa kola ya shati, akamnusa vidole. Chiriku naye akapewa cheo cha askari. Kazi yake ilikuwa kuchungulia nyuma ya choo, nyuma ya banda la kuni na popote pengine ambapo mtu mzima angeweza kujibanza. Mwanzoni aliifurahia kazi hiyo.

Babu alijitahidi. Alitafuna punje za karafuu, akanywa maji mpaka tumbo likapiga kelele. Hata hivyo, haikupita wiki kabla Bibi hajakuta kipande cha sigara kwenye soksi yake. Alitoka nacho chumba cha mbele, mbele ya fundi bomba, mmoja wa wateja wachache waliobaki, aliyekuja kunyolewa ndevu.

"Tazameni! Mwanaume mzima, mvi kichwa kizima, anashindwa na kijiti kama hiki!"

Fundi bomba akajifanya anasoma bango la ukutani. Babu akachukua wembe wake, akaanza kuunoa. Chiriku aliona masikio yake yakibadilika rangi, na kwa mara ya kwanza cheo cha uaskari kikamwia kizito.

Siku chache baadaye Chiriku aliingia jikoni bila kubisha, akitafuta kibuyu cha chumvi. Bibi alikuwa amemgeuzia mgongo. Mkono mmoja ulishika kikopo kidogo cha bati, na vidole vya mkono wa pili vilikuwa puani. Bibi akavuta pumzi, akafumba macho, kisha akapiga chafya iliyotikisa masufuria.

"Bibi! Huo si ugoro?"

Bibi aligeuka kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Akakifutika kikopo kwenye upindo wa nguo. "Ugoro wa nini! Ni dawa ya mafua."

"Bibi, naijua harufu ya tumbaku."

"Haya, ni ugoro kidogo tu," alikiri Bibi kwa sauti ya chini. "Nimeanza kabla mama yako hajazaliwa. Hautoi moshi, haukohozeshi, haukati mtu sikio. Babu yako hajui, wala hana haja ya kujua. Umenisikia?"

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Alimpenda bibi yake, na aliona kumfichia siri ndiko kumpenda. Lakini siri kwa mtoto kama Chiriku ilikuwa kama kaa la moto mdomoni. Alianza kula kidogo. Alianza kwenda kulala mapema. Babu akamuuliza, "Vipi, Chiriku? Nani ameifunga redio yangu?" Chiriku akasema ni mtihani wa hesabu.

Siri ilimbana hasa jioni moja Babu aliporudi kutoka dukani akinuka moshi waziwazi. Bibi aliwaka.

"Unatuua sote! Katika nyumba hii ni wewe peke yako uliyeoa tumbaku! Au nasema uongo, Chiriku? Haya, mwambie. Kuna mtu mwingine humu ndani anayegusa tumbaku?"

Macho manne yalimtazama. Ya Babu yalikuwa ya mtu aliyechoka. Ya Bibi yalikuwa makali, lakini nyuma ya ukali huo Chiriku aliona ombi.

"Hakuna," alisema Chiriku.

Babu akaketi kwenye kiti cha wateja. "Basi mimi ndiye mbovu wa nyumba hii," alisema polepole. "Nyie wote wazima, mimi ndiye sina moyo. Acheni nivute. Mtu hawezi kupigana vita peke yake huku nyuma anazomewa."

Akawasha sigara palepale, mbele ya kioo chake. Na kesho yake akavuta tena, hadharani, bila kujificha. Bibi hakumkagua tena. Hawakusemeshana ila kwa mambo ya maji na kuni.

Chiriku alivumilia mpaka akashindwa. Siku moja alipotoka shule, alikwenda moja kwa moja chumba cha ndani, akasimama kando ya cherehani.

"Bibi, nilisema uongo kwa ajili yako. Babu aliuamini. Kwa sababu ya uongo wangu anajiona yeye peke yake ndiye dhaifu."

"Usinifundishe mimi mume wangu!"

"Sikufundishi, Bibi. Lakini kama ugoro si kitu, kaa kesho siku nzima bila kuugusa."

Bibi akasimamisha gurudumu la cherehani. Alitaka kugomba, lakini fahari ikamtangulia. "Kesho? Hata mwezi mzima nakaa!"

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Bibi alikuwa na kichwa kinachomgonga kama mlango. Alishona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia, akaufumua, akaushona tena palepale. Alimgombeza paka wa jirani. Alisimama, akaketi, akafungua kabati lisilo na kitu. Chiriku aliporudi kutoka shuleni alimkuta ameketi kitandani na kikopo mkononi. Kilikuwa hakijafunguliwa, ila vidole vyake vilikuwa vikicheza na kifuniko.

"Kumbe ndivyo anavyohisi," alisema Bibi, sauti imekauka. "Na mimi nilimwambia kijiti kimemshinda, mbele za watu. Kweli nyani haoni kundule. Niitie babu yako."

Babu alikuja, akasimama mlangoni. Bibi hakuzunguka mbuyu. Alikiweka kikopo kitandani na kusema, "Mume wangu, huu ni ugoro. Nimeunusa miaka yote ya ndoa yetu. Siku zile nilipokukagua mifuko, kikopo hiki kilikuwa kiunoni mwangu. Na huyu mtoto alisema uongo kwa sababu yangu."

Babu alikiokota kikopo, akakinusa. "Kumbe zile chafya... Mimi nilidhani ni mafua ya vumbi la vitambaa. Nimekuwa nikikuombea upone mafua tangu ujana wetu!"

Chiriku alitaka kucheka, lakini aliona babu hacheki. Babu alirudi chumba cha mbele. Alimnyoa mteja mmoja, akapanga taulo zake, akafagia mwenyewe. Jua lilipoanza kushuka ndipo aliporudi chumba cha ndani.

"Umeniumiza," alimwambia mkewe. "Lakini afadhali kuumizwa na ukweli. Kichwa kinakuuma?"

"Kama kinapasuka."

"Kunywa maji. Kesho twende zahanati wote wawili."

Muuguzi wa zahanati aliwapokea kwa tabasamu. Hakumlaumu yeyote. Aliwaambia kuwa hamu ya tumbaku huja kama wimbi, ikapanda, kisha ikashuka, na kwamba mtu akipata jambo la kufanya wakati imepanda, hupita. Aliwataka wabadilishe yale mazoea yanayoita tumbaku. "Na mmoja akiteleza," alisema, "asifiche, na mwenzake asimzomee. Mficha maradhi kilio humfichua. Anayesema mapema husaidiwa mapema."

Wakakubaliana namna yao. Hamu ikimjia Babu, alibisha ukutani, na Bibi akaacha cherehani, akaja kumpigia soga mpaka ipite. Ikimjia Bibi, yeye ndiye aliyebisha. Siku za kwanza ukuta ulipigwa mpaka wateja wakadhani kuna fundi anayebomoa nyumba. Babu aliacha kunywa chai yake kibarazani, mahali alipozoea kuvuta, akawa anainywa kando ya cherehani. Bibi alizika ugoro wake nyuma ya choo. Chiriku alivuliwa uaskari, akapewa kazi aliyoiweza zaidi ya zote: kupiga domo pale mmoja wao alipobisha ukuta na mwenzake hayupo.

Haikuwa njia iliyonyooka. Siku moja Babu alirudi kutoka msibani, kichwa chini. "Nimevuta," alisema mlangoni. "Wenzangu walikuwa wanavuta, na mimi nikavuta."

Chiriku akamtazama Bibi. Aliona maneno makali yakimjia mdomoni, akaona anavyoyameza kama dawa chungu. "Ahsante kwa kuniambia," alisema Bibi. "Vua koti, ukae. Tunaanza tena."

Wakaanza tena. Mvua za masika zilikuja zikaisha, na kikohozi cha Babu kikapungua taratibu, kikabaki cha asubuhi tu, kisha hata hicho kikawa cha kubahatisha. Mkono wake ukatulia. Fundi bomba aliwasimulia wenzake, nao wakarudi mmoja mmoja. Jumamosi moja mwalimu mkuu aliingia, akajigusa sikio, akaketi kitini.

"Nasikia umeacha, mzee wangu," alisema povu lilipokwisha kufutwa, akijikagua kwenye kioo na kukuta kila kitu kiko mahali pake. "Umewezaje?"

"Kinyozi hajinyoi, Mwalimu," alijibu Babu. "Huwezi kuona kisogo chako mwenyewe. Lazima awepo mwenzako wa kukushikia kichwa, na yeye naye akubali kushikwa."

Mwalimu alipoondoka, Bibi alimwita Chiriku, akamketisha karibu yake kwenye benchi la wateja.

"Mjukuu wangu, nataka hili ulisikie kwangu, kwa sababu ni mimi niliyekukosea. Siku uliponifichia siri ulidhani unanisaidia. Hukunisaidia. Ulinisaidia siku uliposimama kando ya cherehani ukaniambia ukweli, ingawa ulijua nitakasirika. Mtu anayepambana na tabia mbaya hahitaji askari, wala hahitaji wa kumfunikia. Anahitaji mtu mkweli anayekaa naye. Na mtu mzima akikuomba useme uongo kwa ajili yake, hata akiwa bibi yako, kataa."

"Nimekuelewa, Bibi," alisema Chiriku.

Babu akakung'uta kitambaa cha kunyolea. "Sasa, Chiriku," alisema, "umekaa kimya tangu mwalimu alipoingia. Tuambie ya shuleni, wateja bado wapo njiani."

Chiriku akavuta pumzi ndefu, akaanza.