Sekunde Kumi za Mama Darizi

Kila asubuhi Mama Darizi hubonyeza kitufe cha kompyuta, huchomeka pasi, kisha huenda jikoni kuteleka maji ya chai. Akirudi, kompyuta iko tayari, naye hukaa kazini. Subira si fungu lake, na mwenyewe anakubali.

Jumanne moja alirudi akakuta kioo kina rangi asiyoijua. Programu ya kudarizi haikuwepo. Michoro yake ya miaka sita haikuwepo, pamoja na maua ya gauni la bibi harusi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mama Darizi akamwita bintiye.

"Jana ulifanya nini humu?" alimuuliza.

"Niliweka mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, mama. Tunautumia chuoni. Lakini wa kwako sikuugusa."

"Hukuugusa, basi uko wapi?"

Binti alikuwa amefuata maelekezo tu, na mengine hakuyasoma.

Wakamwita fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili. Watu humwita Taratibu, maana hakimbii hata mvua ikimnyea.

"Futa yote," Mama Darizi alimwambia kabla hajaketi. "Uniwekee ule wa zamani, upya."

"Nikifuta, mfumo utaupata, ila michoro haitarudi tena," fundi alijibu. "Kwanza hebu iwashe kama unavyowasha siku zote."

Mama alibonyeza kitufe, akageuka aondoke.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kuchomeka pasi."

"Pasi itangoja. Simama hapa uone."

Kioo kilikuwa cheusi. Mara ikatokea orodha ya mistari miwili, kila mmoja na jina la mfumo, na chini yake namba zikishuka: kumi, tisa, nane.

"Bonyeza mshale wa chini," fundi alisema. Mama akabonyeza, namba zikasimama. "Sasa sikiliza. Hiki ni kianzishi. Ni programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo wowote. Inakuuliza: leo nikuwashie mfumo upi? Usipojibu mpaka namba ziishe, inawasha ule wa juu. Na wa juu ni wa binti yako."

"Kumbe naulizwa, nami niko jikoni na sufuria."

"Ndivyo. Sasa mstari uliochaguliwa ni wa mfumo wako. Bonyeza enta."

Mfumo wa zamani ukafunguka. Maua ya bibi harusi yalikuwepo yote, hadi jani la mwisho. Mama Darizi alishusha pumzi, akacheka huku machozi yanamtoka.

Fundi akarekebisha kianzishi, mfumo wa mama ukawa ndio unaojiwasha wenyewe. Binti akitaka wake, atauchagua kwa mshale. Kisha akamgeukia binti.

"Siku nyingine, kabla hujaweka mfumo mpya, nakili kazi zote kwenye flashi. Na umwambie mwenye kompyuta."

"Nimekosa. Samahani, mama," binti alisema. Siku hiyohiyo akainakili michoro yote kwenye flashi mbili.

"Nawe mama," fundi akaanza, "haraka haraka..."

"Hiyo usiimalizie. Nimeisikia tangu nizaliwe."

Wakacheka wote. Mashine ya kudarizi ikaanza kazi, na ua la kwanza likajitokeza polepole kwenye kitambaa cheupe. Mama Darizi alilitazama, akakumbuka agizo alilolitoa asubuhi ile la kufuta yote.

"Fundi," alisema, "asante kwa kutonisikiliza."