Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Kila jioni Orpa aliosha vyombo, akaketi jikoni kwao Bulengera na kuanza hadithi yake. Kila jioni aliisoma sentensi ya kwanza, akaiona ya aibu, akaichana karatasi. Mama yake, Kahongya, alishukuru kimyakimya: fasihi ya binti yake iliwasha mbabula, jiko lake la makaa, vizuri kabisa.

"Hadithi ya leo ilikuwa kavu," mama alisema. "Chai imechemka mbio."

Orpa hakucheka. Alikuwa amechoka kama mtu aliyelima shamba zima bila kupanda kitu. Mwalimu Ananie alikuwa amemchagua akasome hadithi yake Beni, mbele ya shule nyingine. Asipoileta Jumatatu, ataenda Zacharie wa darasa lao, mwandishi mashuhuri ambaye hadithi zake zote zinamhusu mbuzi wake.

Jumamosi, mjomba Sikuli alipakia viazi vya mama kutoka Vuhovi kwenye chukudu, gari lake la mbao la magurudumu mawili. Mlimani yeye alishika usukani, mama akasukuma. Kila walipotaka kupumua, Orpa aliweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Mara moja alichelewa, akiwaza hadithi. Gari likarudi nyuma, likawaburuta wote.

"Orpa! Jiwe!" mjomba alifoka. "Unataka tuanze tena kule chini ku mto?"

Akaliweka, akaketi chini.

"Mama, nimechoka. Juu hata hapaonekani."

"Hata miye sipaoni. Naona hili jiwe tu." Mama alijipangusa jasho. "Lakini wewe, kila jioni unaliondoa. Sentensi mubaya inashika gari, mwanangu. Iache pale. Kesho unasukuma kutoka pale, hapana kutoka ku mto."

Jioni ile Orpa aliandika sentensi mbaya sana. Mkono ulimwasha kuichana. Akaiacha, akaongeza nyingine, akalala juu ya meza. Jumapili baada ya misa aliendelea kutoka pale pale, akipiga miayo, mpaka mwisho. Mama alitafuta karatasi ya kuwashia moto, akakosa.

Jumatatu Mwalimu Ananie alisoma kurasa zote polepole.

"Utakwenda Beni," alisema. "Lakini sentensi ya kwanza ni mbaya."

"Najua, Mwalimu. Ni jiwe." Akamweleza habari za mlimani.

Mwalimu akampa kalamu. "Mama yako amesema kweli: anayeanza upya kila siku hafiki. Sasa umefika juu, binti. Unaweza kuliondoa."